Kazi ya Nyumbani Yataka Kengele

Wazee wetu waliokaa katika makambi ya migodi ya Katanga waliamshwa na king'ora. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na maelfu ya watu waliotoka vijijini walijifunza huko desturi mpya: kazi ina saa yake na mahali pake. King'ora kikilia, baba huondoka. Kikilia tena, baba hurudi. Kabla ya hapo haikuwa hivyo. Mhunzi alifua chuma karibu na nyumba yake, na mfinyanzi alifinyanga vyungu uani, watoto wakimzunguka.

Siku hizi wako watu ambao kazi imerudi nao nyumbani. Karani haendi tena ofisini. Huketi mezani pake na kompyuta ndogo na simu, na mkubwa wake yuko mji mwingine, pengine nchi nyingine. Fikra hii si ya jana. Mwaka 1973 Mmarekani Jack Nilles alianza kueleza kwamba, badala ya kumpeleka mtu kazini kila siku kwa gari, ingefaa kazi yenyewe ipelekwe kwa mtu kwa njia ya simu. Wachache walimsikiliza. Lakini mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwalazimisha watu wengi. Katika Kongo mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 10 Machi 2020; tarehe 24 ya mwezi huo Serikali ikatangaza hali ya dharura; na tangu tarehe 6 Aprili mtaa wa Gombe katika Kinshasa, wenye wizara na benki nyingi, ukafungwa. Shule nazo zilikuwa zimefungwa. Sisi walimu tuliona wazi jinsi ilivyo vigumu kwa mtoto kusoma mahali pasipo kengele.

Ugonjwa ulipopungua, wengine walirudi ofisini, wengine wakabaki nyumbani. Jirani yangu mmoja, mtunza hesabu, ni mmoja wa hao waliobaki. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake, maana asema zitawafaa wengine.

Mwanzo alifurahi. Hakuna tena kungoja gari asubuhi, hakuna mvua wala tope. Aliamka alipopenda, akafungua kompyuta sebuleni kabla ya kunawa uso. Lakini saa moja haijapita, mtoto analia, akamchukua. Kisha rafiki akabisha hodi. Siku moja shangazi yake alifika, akamkuta ameketi, akamwambia: «Mwanangu, naona siku hizi huna kazi. Basi haya, unisindikize sokoni.» Yeye akajibu: «Shangazi, nipo kazini.» Mama yule akacheka: «Kazini gani, nawe umevaa kandambili?» Kijana mwenye adabu atamkatalia shangazi yake namna gani? Akamsindikiza.

Basi kazi ya mchana ikawa kazi ya usiku. Alihesabu hata usiku wa manane, macho yakiwa mazito. Mwisho wa mwezi hesabu zilipelekwa na makosa, na mkubwa wake akamwandikia barua ya onyo. Nyumbani pia hakuna raha. Mke wake alimwambia: «Baba watoto, zamani ulikuwa mbali mchana, lakini jioni ulikuwa wetu. Sasa uko hapa mchana na usiku, wala hatukuoni.»

Tazameni, ndugu zangu: mtu huyu hakuwa mvivu. Alifanya kazi saa nyingi kuliko zamani. Lakini mshika mbili moja humponyoka; na yeye karibu zimponyoke zote mbili.

Jumapili moja jioni mume na mke waliketi wakazungumza. Mume alianza kulalamika juu ya kelele za nyumba. Mke akamsikiliza hata mwisho, ndipo akamjibu: «Wewe waona nyumba inaharibu kazi yako. Lakini hapa ulipoleta kompyuta yako ndipo ninapofanyia kazi mimi tangu tulipooana. Napika, nafua, nashona nguo za watu. Hakuna aliyenipigia king'ora cha kupumzika.» Jirani yangu asema maneno hayo yalimnyamazisha. Hakuwa amefikiri kwamba yeye ndiye mgeni aliyeingia katika karakana ya mwenzake.

Wakapatana hivi. Kwanza, mahali. Hawana chumba cha ziada, ila kulikuwa na pembe ya chumba cha kulala; wakaweka meza ndogo na kiti. Mlangoni hutundikwa kitenge. Kitenge kikitundikwa, baba yuko kazini, hata shangazi huambiwa: «Karibu, keti, atatoka saa sita.» Pili, saa. Asubuhi huoga, huvaa viatu, huzunguka mtaa mara moja, kisha huingia kazini kama aliyetoka safari. Saa kumi na moja jioni kitenge huondolewa na kompyuta hufungwa. Sharti hili la pili lilitoka kwa mke, naye ndiye anayelisimamia. Tatu, zamu. Saa sita hata saa nane mume hukaa na watoto, mke apate kushona bila kusumbuliwa.

Na umeme? Katika miji yetu hukatika bila kuaga. Kila jioni huandika katika daftari kazi tatu za kesho. Umeme ukiwapo, hufanya kwanza ile inayohitaji intaneti, na betri zote hujazwa. Umeme ukikatika, huhesabu na kusahihisha kwa kalamu na karatasi. Kazi ya kutumia akili nyingi huifanya asubuhi, wakati kichwa ni chepesi. Barua za kujibu huziacha alasiri.

Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya nyumba moja tu. Lakini wenye elimu wameyapima. Profesa Nicholas Bloom wa chuo kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, alichunguza kampuni ya usafiri ya Ctrip katika China, na mwaka 2015 wakachapisha waliyoyaona. Makarani wa simu waliojitolea waligawanywa kwa tarehe zao za kuzaliwa: wengine walifanya kazi nyumbani siku nne kwa juma, wengine wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, wale wa nyumbani walikuwa wamezidisha kazi yao kwa 13 kwa mia. Lakini angalieni mambo mawili. Kila mmoja alitakiwa awe na chumba nyumbani cha kufanyia kazi. Na siku ya tano alikwenda ofisini kuonana na wenzake. Hata hivyo, waliporuhusiwa kuchagua upya, wako waliorudi ofisini, kwa kuwa upweke uliwachosha. Kwa hiyo anayefanya kazi peke yake asikae siku nzima bila kusikia sauti ya mwenzake. Jirani yangu humpigia simu mfanyakazi mwenzake kila asubuhi. Wanaambiana watakayofanya, na jioni wanaulizana kama yamefanyika.

Wakubwa wa kazi nao wana wajibu. Katika Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, sheria yataka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zizungumze na wafanyakazi wao juu ya haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi. Maana simu imeondoa ule mlango uliotenganisha ofisi na nyumba. Mkubwa anayetuma maagizo saa tatu za usiku asistaajabu akipata hesabu zenye makosa.

Nanyi wanafunzi, msidhani habari hizi ni za watu wazima tu. Masomo ya jioni ni kazi ya nyumbani. Chagueni mahali pamoja na saa moja, mwambieni mama saa hiyo, na simu ikae chumba kingine. Mkimaliza, fungeni daftari, mkateke maji au mkacheze. Anayesoma huku akicheza hupoteza masomo, wala mchezo haumfurahishi.

Juzi nilipita kwa jirani yangu saa kumi na moja na dakika chache. Kitenge kilikuwa bado mlangoni. Mke wake akagonga mara mbili kwa mwiko. Kukawa kimya, kisha tukasikia kompyuta ikifungwa. Baba akatoka, mtoto mdogo akamkimbilia, akampokea kama watoto wanavyowapokea baba waliotoka mbali. Hesabu za mwezi ule, aliniambia, zilikuwa zimekwisha pelekwa siku mbili kabla, wala hazikurudishwa.