Kibadilisha joto: Uliza kinasafishwaje kabla ya kulipa

Wasindikaji wadogo wa maziwa na juisi wenye boila huhitaji kibadilisha joto, ili mvuke upashe maji moto bila kuchanganyika nayo. Mtambo huo ni pipa refu la chuma lenye mabomba membamba: maji hupita ndani ya mabomba, mvuke huyazunguka kwa nje.

Adui wake ni ukoko. Maji ya kisima yenye chokaa yakipashwa moto huacha ukoko bombani, joto hupenya kwa shida na gharama ya kuni au mafuta hupanda.

Aina kuu ni tatu. Yenye mabomba yaliyonyooka, yaliyofungwa imara pande zote mbili, ina bei nafuu. Ndani husuguliwa kwa brashi, lakini nje ya mabomba hapafikiki. Yenye mabomba yaliyopinda kama herufi U huhimili chuma kinapotanuka kwa joto, ila brashi hupita kwa taabu kwenye kona. Ya tatu, ambayo upande mmoja haukufungwa, mabomba yake huchomolewa na kusafishwa kote, lakini ni ghali.

Kwa mvuke na maji ya kisima, ile ya bei nafuu mara nyingi yatosha, mradi tofauti ya joto isiwe kubwa mno: ukoko hukaa ndani, brashi inakofika.