Tunda Likisha Kuchumwa Lingali Linapumua

Mama anayenunua ndizi mbichi hapa Kalemie na kuzipandisha katika lori la Manono anaijua hasara hii: magunia yanafunguliwa, na nyingi zimeshaiva na kupondeka. Mtaji umekwenda, na pesa ya masomo ya watoto pia. Kwa nini?

Jibu ni hili: tunda likisha kukatwa halijafa. Linaendelea kupumua kama sisi. Linavuta oksijeni, linatumia chakula kilichomo ndani yake, kisha linatoa hewa chafu, maji na joto. Tia mkono katikati ya gunia la maembe, utalisikia joto lile. Na joto likiongezeka nyuzi 10, tunda linapumua mara mbili au hata tatu zaidi. Ndiyo maana gunia lililobanwa na kuachwa juani linajiharibu lenyewe.

Tena matunda ni ya namna mbili. Ndizi, maembe, mapapai, avoka na tomati huiva hata baada ya kuchumwa kama yamekomaa. Wanga wa ndizi unageuka sukari. Yanatoa gesi inayoitwa etileni, na gesi hiyo ndiyo inayoamsha kuiva. Mwaka 1934, huko Uingereza, mtaalamu Richard Gane alihakikisha kwamba tunda lenyewe hutoa gesi hiyo. Lakini machungwa na mananasi hayaongezi utamu yakisha kuchumwa. Ukiyachuma machachu, yatabaki machachu.

Basi, mufanye nini?

1. Musichanganye mabivu na mabichi. Tunda moja lililoiva au kuoza linaamsha mengine.

2. Mutumie vikapu vinavyopitisha hewa. Muchume na kupakia asubuhi mapema, muweke kivulini.

3. Musitie ndizi mbichi katika friji. Chini ya nyuzi 13 hivi ganda linakuwa jeusi, na ndizi haiivi vizuri.

4. Mukitaka kuivisha upesi, mufunike mabichi pamoja na ndizi moja mbivu. Ninyi vijana, muache kabisa kabidi, lile jiwe la wachomelea vyuma ambalo zamani liliwasha taa za wachimbaji. Gesi yake inaivisha, kweli, lakini inaweza kuchukua sumu ya arseniki mpaka kwenye chakula cha watoto.

Mama, kabla ya kufunga gunia lijalo, uchague kwanza. Kazi ya nusu saa inaweza kuokoa mtaji wa mwezi.