Pesa ya Marehemu Haimziki Marehemu

Mtu akifariki asubuhi Tabata au Mbagala, kufika alasiri turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye kirikuu, na kundi la WhatsApp lenye picha ya marehemu limeshafunguliwa. Jioni kamati inakaa. Mwenyekiti aghalabu ni shemeji mwenye sauti, mweka hazina ni mama ambaye kila mtu anamwamini, katibu ni kijana yeyote mwenye mwandiko unaosomeka. Kaunta buku inafunguliwa: ukurasa wa kushoto ahadi, wa kulia taslimu. Pengo kati ya kurasa hizo mbili ndilo litakalomnyima mweka hazina usingizi kwa siku tatu zijazo.

Halafu bajeti inasomwa. Jeneza. Gari la maiti. Coaster mbili za waombolezaji. Dizeli, posho ya madereva na matingo. Saruji na matofali ya kaburi. Mchele, ng'ombe, mafuta ya kula, mkaa, maji ya chupa. Mashada. Spika na jenereta. Mpiga picha za video. Vitenge vya sare kwa wanafamilia. Kila kipengele kinapita kwa kuitikiwa kichwa, kwa sababu anayethubutu kuuliza kama video ni ya lazima huonekana ana kinyongo na marehemu. Nimehudhuria vikao vya harusi ambako watu walibishana nusu saa juu ya keki. Kwenye msiba sijawahi kumsikia mtu akibisha juu ya ng'ombe.

Ukiichambua orodha ile utaona kwamba kuzika kwenyewe hakuli fedha nyingi. Shimo, jeneza la kawaida na saruji ni sehemu ndogo. Kinachokula ni mambo mawili: barabara na sufuria.

Barabara kwanza. Wachaga hurudishwa kihambani, Wahaya wengi hurudishwa kwao Kagera, Wanyakyusa Rungwe na Kyela. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni kilomita zipatazo 1,400, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo. Coaster inayopeleka waombolezaji hailipiwi kwenda tu. Hulipiwa na kurudi, pamoja na siku itakazolala huko ikisubiri watu wamalize matanga. Wasafiri watakula njiani na kulala mahali. Wakifika watakuta ndugu wa kule nao wameshaunda kamati yao, na daftari lao. Mzigo huu haukuwepo kwa babu zetu, kwa sababu babu alifia mita hamsini kutoka kaburini pake. Sisi tumehama kutafuta maisha lakini tumeacha makaburi kule kule, na nauli ya kurudi tunawaachia watakaobaki.

Sufuria nayo ina kisa chake. Katika Uislamu mafundisho yako wazi: wenye msiba wapikiwe, kwa sababu wamefikwa na jambo linalowashughulisha. Jirani aje na hotipoti, siyo aje na njaa. Mazishi yenyewe ya Kiislamu ni mepesi kwa mpango wake. Shuka tatu za sanda kwa mwanamume, tano kwa mwanamke, karafuu maiti, maji ya kuoshea, jeneza la msikiti linalobeba na kurudi, na mara nyingi mtu huzikwa siku ile ile alipofariki. Familia yenye uwezo mdogo inaweza kumsitiri mtu wake bila kukopa. Lakini nenda kwenye hitima ya siku ya tatu na kwenye arobaini, uone masufuria ya pilau. Wepesi wote ule wa kaburini umerudishwa kwa mlango wa nyuma. Kwa Wakristo hali ni ile ile, tofauti ni kwamba pilau halisubiri: linaanza usiku wa kwanza wa mkesha na halikomi hadi watu warudi kutoka makaburini.

Sasa swali la fedha. Wengi wetu tunajidanganya kwamba mtu aliyejiwekea akiba hatasumbua watu siku ya kufa kwake. Akaunti ya benki ya marehemu haifunguki kwa sababu mjane analia. Laini yake ya simu yenye fedha za mtandaoni, hata kama mtoto anaijua namba ya siri, kisheria ni mali ya mirathi kama lilivyo shamba. Ili kuigusa kihalali panahitajika cheti cha kifo, kikao cha ukoo na muhtasari wake wenye saini, kisha maombi mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Hayo ni ya majuma na miezi. Jeneza linatakiwa kesho.

Fungu la mifuko ya hifadhi ya jamii nalo huchelewa. NSSF ina msaada wa mazishi kwa mwanachama wake, na ni haki inayostahili kudaiwa, maana familia nyingi hazijui hata kama ipo. Lakini hutolewa baada ya nyaraka kukamilika, wakati jeneza liko chini na deni la mchele liko juu. Mtumishi wa umma ana nafuu zaidi, kwa kuwa mwajiri hubeba gharama za msingi za mazishi na usafirishaji. Mama ntilie na dereva wa bodaboda hawana mwajiri wa kumpigia simu. Na kama ugonjwa ulikuwa mrefu, kabla ya yote hayo kuna bili ya hospitali, na ubishi wa mochwari ambao umefika hata bungeni: mwili utoke kwanza au deni lilipwe kwanza.

Ndiyo maana chombo kinachofanya kazi siku ile ni kikundi cha kufa na kuzikana. Hakidai cheti chochote. Katibu akipata simu, mweka hazina anatoka na fedha, na kina mama wanafika na sufuria za kikundi. Ubora wake ni kwamba fedha iko mikononi mwa watu walio hai.

Ila vikundi vingi havijawahi kukaa na kalamu. Chukua wanachama 50, kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni shilingi milioni 3. Katiba inasema msiba mmoja unapewa shilingi milioni 1.5. Misiba miwili, sanduku jeupe. Na je, kikundi kimebeba watu wangapi? Mwanachama mwenyewe, mwenzi wake, wazazi wawili, wakwe wawili, watoto wanne: watu kumi. Mara hamsini, ni watu 500, na 200 kati yao ni wazee. Kutegemea kwamba watafariki wawili tu kwa mwaka ni kumjaribu Mungu. Hapo ndipo huja michango ya dharura, watu wanaanza kuzima simu, na aliyetoa miaka sita bila kufiwa anaambiwa avumilie zamu yake. Kikundi chenye akili hupunguza kiwango cha wakwe, huweka kikomo cha malipo kwa mwaka, na huingiza vijana wapya kila mara. Kile kilichoanza na wanachama wa miaka thelathini na kikafunga mlango, baada ya miaka thelathini mingine kitakuwa na misiba ya wanachama wenyewe na wachangiaji wanaopungua.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye kaunta buku: ugomvi wa pa kuzika. Afrika Mashariki ina kesi moja kubwa ya jambo hili. Wakili S. M. Otieno wa Nairobi alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, Ngong, akisema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Wakili aliyeishi kwa sheria hakuacha wosia wa maandishi unaosema alazwe wapi, na hata kama angeuacha, mahakama isingelazimika kuufuata.

Kwa hiyo karatasi pekee haitoshi; maneno yasemwe mbele ya watu watakaokuwa na nguvu siku hiyo. Mzee anayetaka kuzikwa Kinondoni badala ya Rombo amwambie kaka yake aliye Rombo, siyo mkewe peke yake, kwa sababu mke ndiye atakayeitwa mchoyo. Aseme pia kama ng'ombe ni mmoja au hakuna. Aandike uanachama wa NSSF, bima kama ipo, jina la kikundi na namba ya mweka hazina. Ataambiwa anajitabiria kifo, lakini wazee wetu wa zamani walikuwa wakionyesha kwa fimbo mgomba watakaolala chini yake, na hakuna aliyewashangaa.

Siku ya nne au ya tano kamati inavunjwa. Mweka hazina anasoma mapato, anasoma matumizi, watu wanapiga makofi, Coaster zinaondoka. Ikiwa kuna salio, mjane anakabidhiwa bahasha mbele ya shemeji zake. Ikiwa kuna deni, nalo anakabidhiwa, ila hilo halisomwi kwa sauti. Kamati moja niliyoishuhudia Ubungo ilifanya kinyume. Kabla ya kupitisha kipengele chochote, katibu aliandika juu kabisa ya ukurasa, "Ada ya watoto, muhula ujao," akaweka kiasi, akapiga mstari chini yake, kisha ndipo wakaanza kujadili mchele. Video ilikufa papo hapo kwa kukosa fungu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.