Utangulizi: Kuiuliza Mashine ya Linux

Anayekaa mara ya kwanza mbele ya terminali ya Linux huona kioo cheusi na kistari kinachopepesa. Hakuna picha, hakuna kitufe cha kubonyeza, na wengi hurudi nyuma papo hapo. Utangulizi huu ni wa huyo aliyerudi nyuma. Ni wa yule mwenzake pia, anayesimamia seva kila siku kazini lakini bado ananakili amri asizozielewa. Wote wawili wanahitaji jambo moja: kujua kuiuliza mashine swali fupi, kisha kulisoma jibu lake mpaka mwisho.

Linux yenyewe ni kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayogawa kumbukumbu, diski na zamu za kutumia prosesa. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Zana zilizokizunguka kiini hicho zina ukoo wake. Nyingi zimetoka katika mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, nao ulifuata desturi za Unix iliyozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Ndiyo maana amri nyingi utakazojifunza zina umri mkubwa kuliko Linux. Leo simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kiini hiki, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za orodha ya TOP500, zile zenye nguvu kuliko zote duniani, zinatumia Linux.

Msimbo wake uko wazi, na uwazi wa aina hiyo una maana kwetu wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu programu asilia za OpenOffice ziliruhusu mtu yeyote kuzifungua na kuzitafsiri.

Sasa tuingie kazini. Wazo la kwanza la kushika ni lile ambalo Doug McIlroy alilipigania Bell Labs na Ken Thompson akalitia ndani ya Unix mwaka 1973: bomba, linaloandikwa kwa mstari wima. Mpishi wa Pwani hatafuti chombo kimoja cha kufanya yote. Mbuzi hukuna nazi, kifumbu huchuja tui, chungu hupika. Amri za Linux zimejengwa hivyo hivyo: kila moja ina kazi yake ndogo, na bomba hupitisha kilichotoka kwa hii kikaingia kwa ile. Tuseme una logi ya tovuti, yaani daftari la wanaoitembelea, yenye mistari laki mbili, nawe unataka kujua ni anwani zipi zinazoigonga zaidi:

`cut -d ' ' -f 1 access.log | sort | uniq -c | sort -rn | head`

Ya kwanza hukata safu ya anwani, ya pili huzipanga zinazofanana zikae pamoja, ya tatu huzihesabu, ya nne hutanguliza zenye idadi kubwa, ya mwisho hukuonyesha kumi za juu. Hakuna programu mpya iliyoandikwa, na jibu limepatikana ndani ya sekunde chache.

Mfano wa pili niueleze kwa kituo. Usiku mmoja niliitwa kwenye ofisi ambayo seva yake ilikuwa imegoma: watu hawawezi kuhifadhi chochote, hifadhidata imesimama. Niliandika `df -h`, amri inayoonyesha kila diski imejaa kiasi gani. Jibu: asilimia 100. Nikaandika `sudo du -sh /var`, inayojumlisha ukubwa wa mafaili yaliyomo ndani ya saraka (`sudo` huipa amri mamlaka ya msimamizi), kisha nikapitia saraka nyingine kuu moja baada ya nyingine. Jumla haikufika hata nusu ya diski. Hapo ndipo mtu huanza kufuta mafaili kwa kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoua seva.

Amri zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Katika Linux, jina la faili na yaliyomo ni vitu viwili. `rm` huondoa jina tu. Yaliyomo hubaki diskini mpaka programu ya mwisho iliyoyashika iyaachie. `du` hupita ikifuata majina, ilhali `df` huuliza hesabu ya mfumo mzima wa mafaili. Mtu alikuwa amefuta logi kubwa wakati programu bado inaiandika. Niliandika `sudo lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyo wazi lakini hayana jina tena, na logi ile ndiyo hiyo hapo, imejaa tele. Tuliianzisha upya programu ile, nafasi ikarudi mara moja. Laiti aliyefuta angetumia `truncate -s 0`, logi ingebaki na jina lake, ikawa tupu, na kazi isingesimama. Tangu usiku ule nafundisha `df` na `du` siku moja.

Zana nyingine nazitaja kwa haraka, maana utazizoea kwa kuzitumia. `systemctl status` hukuambia kama huduma iko hai, na `journalctl -u` hukusomea yale iliyoyasema kabla ya kuanguka. `ssh` hukupeleka kwenye seva ya mbali kwa njia iliyofichwa. Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995, huko huko Finland, baada ya nywila kuibwa mtandaoni chuoni kwake. `rsync` hupeleka nakala kwa kutuma mabadiliko peke yake, jambo la thamani kubwa kwa anayenunua bando. Kuhusu nakala za akiba nina msimamo mkali: nakala ambayo hujawahi kuirejesha ukaona inafunguka, usiihesabu. Na kumbuka kwamba `rm` haina pipa la taka la kurudi kuokotea.

Huhitaji kukariri haya yote. Kitabu cha maelekezo cha Unix kilitoka Novemba 1971, na desturi yake inaendelea ndani ya Linux kwa jina la `man`. Ukisahau jina la amri, `man -k` hutafuta kwa neno. Kurasa za `man` ni kavu, zisome polepole, mara mbili ikibidi.

Kama huna kompyuta ya kujaribia, tia Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, kwenye flashi na uiwashe kutoka humo bila kugusa diski yako. Fungua terminali, uandike `man hier`. Ni ukurasa unaoeleza kila saraka kuu ni ya kazi gani, na ndio ninaowaomba wanafunzi wangu wausome kwanza.