Nguvu za Mwendesha Baiskeli Zimo Jikoni Mwako

Jumamosi moja kijana wangu aliondoka nyumbani hapa Shinyanga alfajiri, yeye na wenzake wanne, kufanya mazoezi ya baiskeli katika barabara ya Mwanza. Alikunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi, akajaza maji katika chupa, akaenda. Saa nne asubuhi alirudishwa na lori, baiskeli yake ikiwa juu ya magunia. Hakuwa ameanguka wala hakuwa na homa. "Mama, miguu ilikataa tu," aliniambia, huku akitetemeka na jasho la baridi likimtoka.

Jioni alinijia na ombi. Wenzake walimwambia kwamba dawa yake ni poda ya wanamichezo inayouzwa kwenye makopo. Nilipouliza bei, moyo uliniruka. Kopo moja lilitosha kununua unga wa nyumba nzima kwa wiki mbili, na fedha pekee iliyokuwamo ndani ilikuwa ada ya chuo ya dada yake.

Mama mwenzangu, huenda nawe umekutana na jambo hili. Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, vijana wetu wanaota ndoto kubwa. Si vema kuizima ndoto ya mtoto, wala si vema kuilipia kwa haki ya mtoto mwingine. Kwa hiyo nilimwomba aniletee kopo la mwenzake, tukalisoma pamoja.

Kopo lina nini?

Kitu cha kwanza kilichoandikwa kilikuwa sukari. Kisha ilifuata chumvi, kitu cha kutia ukali kama wa limau, rangi na ladha. Basi!

Wala si ajabu. Mwaka 1965, huko Florida, Marekani, Dakta Robert Cade na wenzake walitengeneza kinywaji kwa ajili ya wachezaji wa chuo kikuu waliokuwa wakizidiwa na joto. Walichanganya maji, sukari na chumvi, lakini ladha yake ilikuwa mbaya mno. Mke wa daktari huyo, Mary, ndiye aliyeshauri waongeze maji ya limau. Kinywaji hicho ndicho Gatorade, kinachouzwa hadi leo. Unaona, hata huko shauri la mama lilihitajika.

Kwa nini miguu ilikataa?

Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini. Mtu anayekanyaga pedeli kwa nguvu huimaliza akiba hiyo katika muda wa saa moja na nusu hadi mbili hivi. Ikiisha naye hajala kitu, miguu hulegea, kichwa huwa kizito na mwili hutetemeka. Kijana wangu alianza safari akiwa amefunga usiku kucha. Alikosa chakula, hakukosa poda.

Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri hivi: kwa safari isiyozidi saa moja, maji matupu yanatosha. Kwa safari ya saa moja hadi mbili na nusu, mwendeshaji apate gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kila saa. Wale wa safari ndefu zaidi, waliokwisha kulizoeza tumbo, waweza kufikia gramu 90.

Kinywaji cha nyumbani

Mahitaji:
Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita 1
Sukari, vijiko 5 vya chakula, usivijaze kupita kiasi (gramu 60 hivi)
Chumvi, robo ya kijiko cha chai
Limau 1 au ndimu 2

Namna ya kutengeneza: Koroga sukari na chumvi mpaka viyeyuke, kamulia limau, chuja, kisha jaza kwenye chupa. Mwendeshaji anywe mafunda machache kila baada ya dakika 15, kiasi cha nusu lita kwa saa. Jua likiwa kali aweza kuongeza. Ukipenda, tumia maji ya ukwaju badala ya limau.

Usidhani kwamba sukari ikizidi nguvu nazo zitazidi. Kinywaji kizito hukaa tumboni na kuleta kichefuchefu. Wala usikichanganye na maji ya chumvi na sukari tunayompa mtoto anayeharisha. Yale yana vipimo vyake, nawe usivibadilishe.

Chakula cha njiani

Pakiti moja ya jeli ya wanamichezo huwa na wanga gramu 20 hadi 30. Sasa linganisha na vitu hivi, ambavyo kila kimoja kina kiasi cha gramu 25:

Ndizi mbivu moja ya wastani
Kiazi kitamu kimoja cha wastani kilichochemshwa
Tende kavu tano ndogo
Kijiko kimoja na nusu cha asali

Nusu lita ya kinywaji chetu ina gramu 30. Ongeza ndizi moja, na mwendeshaji amepata gramu 55 kwa saa hiyo, bila kopo lolote.

Sisi wa Usukumani tuna bahati nyingine, yaani matobolwa. Viazi vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, havipondeki mfukoni wala haviozi njiani. Bibi zetu waliwafungia wasafiri tangu zamani. Atafune kidogo kidogo, huku akinywa.

Ukipita supamaketi, acha rafu ya makopo. Tafuta zabibu kavu, biskuti za glukosi, au mkate na jemu. Hata soda yaweza kufaa mwishoni mwa safari ndefu, mradi iachwe mapovu yatoke na ichanganywe na maji kiasi sawa. Karanga na kashata ni chakula kizuri, lakini mafuta yake hukawia tumboni. Zingoje mpaka arudi.

Kabla na baada

Usiku wa kuamkia safari, mpe ugali au wali wa kutosha. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, apate uji wenye sukari na kipande cha mkate. Ikibidi aondoke alfajiri sana, ndizi mbili na uji mwepesi ni afadhali kuliko chai tupu.

Akirudi, misuli inahitaji wanga na protini. Nusu lita ya maziwa, freshi au mtindi, ina protini gramu 16 hivi. Ugali kwa dagaa, wali kwa maharage, au mayai kwa viazi, vyote hufanya kazi ile ile ambayo kopo la protini linajisifia.

Tahadhari

Chupa ioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila siku, kwa maana sukari huleta ukungu. Asukutue mdomo kwa maji matupu ili kulinda meno. Mwenye kisukari asifuate vipimo hivi bila kumwona daktari wake. Asinywe maji matupu mengi mno kwa saa nyingi, kwani chumvi ya mwili yaweza kupungua hata kuleta hatari. Tena, asijaribu chakula kipya siku ya mashindano.

Na jambo moja la kumwambia kijana: baadhi ya poda zimewahi kukutwa na vitu vilivyokatazwa michezoni ambavyo havikuandikwa kwenye kopo. Anayekula kiazi cha mama yake anajua anachokula.

Mwanangu hakukubali mara moja. Aliona haya kufungua matobolwa mbele ya wenzake. Wiki ya tatu alirudi kwa baiskeli yake mwenyewe, amechoka lakini akicheka, na mfuko wake ulikuwa mtupu. Wenzake walikuwa wamemmalizia viazi. Kwenye mashindano yaliyofuata hakushinda, ila alifika mwisho, na wawili wenye makopo hawakufika.

Ada ya dada yake ililipwa kwa wakati. Na siku hizi, kila Ijumaa jioni, ni yeye mwenyewe anayepima sukari na kukamua limau. Mimi namchemshia viazi tu.