Beni ilipata kiwanda cha vinywaji, kikafungwa; Kindu ingali inangoja chupa kutoka mbali

KINDU – Katika nganda za Kindu, beyi ya sukre hufuata hali ya mto, ya reli na ya ndege. Sehemu kubwa ya vinywaji hivyo hutiwa chupani katika miji mingine, kisha vinasafiri.

Kasiye iliyotoka Kisangani hupita kwanza kilometa 125 za nchi kavu hadi Ubundu, kwa sababu maporomoko ya maji yanafunga njia ya boti. Toka Ubundu inapandishwa mto karibu kilometa 300. Ile ya Lubumbashi hutegemea reli ya SNCC, ambayo kipande chake cha Kindu–Kongolo kilifunguliwa mwaka wa 1911. Na chupa ya kioo, ambayo uzito wake unakaribia ule wa kinywaji chenyewe, ni lazima irudi ikiwa tupu. Kinachobebwa hivyo, kwa sehemu kubwa, ni maji, na mji huu uko kando ya mto Kongo!

Basi kwa nini mtu asijenge kiwanda hapa?

Wakaaji wa Beni, katika Kivu ya Kaskazini, waliona jambo hilo likijaribiwa kwao. Katika miaka ya 2010 Brasimba, kampuni ya kundi la Ufaransa la Castel, ilikuwa na kiwanda katika mji huo. Kabla ya miaka kumi kutimia, milango ilifungwa na vijana wakapoteza kazi. Beni iko karibu kilometa 80 tu na mpaka wa Kasindi, na vinywaji vya Uganda vilikuwa vikiingia kwa beyi ambayo kiwanda cha hapo kilishindwa kufuata. Tena, kuanzia Oktoba 2014, mauaji ya raia yalifanya barabara na vijiji vya eneo hilo kuwa hatari. Gari la vinywaji linahitaji kufika vijijini. Lisipofika, kiwanda kinajaza depo yake mwenyewe.

Kindu haina mpaka karibu. Umbali unaopandisha beyi ungeweza pia kulinda kiwanda chake. Lakini mashine za kuosha chupa, kupoza na kutia gesi zinataka umeme usiokatika, na mazuti ya jenereta nayo inatoka mbali. Sukari vilevile: kiwanda cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama mwaka wa 1996 wakati wa vita na kikabaki kimya kwa miaka mingi.

Hata wakubwa wanapunguza. Bralima, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka wa 1923, ilifunga Boma na Mbandaka, mji wa mto kama Kindu. Kiwanda chake cha Bukavu kiliporwa mwezi wa Februari 2025, wakati M23 ilipoingia mjini. Mwezi wa Juni, Heineken, mwenye Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba haikiongozi tena na kwamba imeondoa wafanyakazi wake wa mwisho. Uwanja wa ndege wa Goma, ambako mizigo mingi ya Kindu ilikuwa ikipakiwa, ulikuwa umefungwa tangu Januari.

Kile kinachotengenezwa mjini hakina mashine: tangawisi, inayochemshwa nyumbani na mama, inapozwa, inatiwa katika chupa za plastiki zilizookotwa na kuoshwa, kisha watoto wanaipeleka sokoni kichwani. Chupa hizo hakuna anayedai zirudishwe.