Mwanafunzi mwenye maradhi ya akili ana haki chuoni

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kayole, jina Mathari hutumiwa kama tusi. Ni jina la hospitali ya kitaifa ya maradhi ya akili, iliyoanzishwa 1910. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi wa vyuo wanaotibiwa huko huona heri wafeli kuliko kuonyesha barua ya daktari.

Hata hivyo, barua hiyo ina uzito. Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinahesabu ulemavu wa akili na wa kisaikolojia pamoja na ule wa viungo, nacho cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata elimu.

Msaada wenyewe si mkubwa: muda wa ziada, chumba tulivu cha mtihani, kiti karibu na mlango kwa anayeshikwa na hofu ya ghafla, au kuahirishiwa mtihani akilazwa. Baadhi ya dawa huleta usingizi mzito; anayezimeza usiku huamka mchovu, na bado ana matatu ya kuwahi kabla ya somo la saa mbili. Huyo si mvivu.

Wala mhadhiri hana haja ya kujua mengi. Yatosha barua ifike kwa afisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi, ieleze msaada unaohitajika. Jina la ugonjwa libaki kwa daktari.